Njia ya Maji: Historia ya Kuponya Umio wa Mtoto

Kuelekea mwisho wa karne ya 19, jiko la kawaida la Marekani halikukosa kopo la kostiki. Wanawake waliichemsha na mafuta ya nyama kupata sabuni, wakaimimina kwenye mabomba yaliyoziba, wakasugulia sakafu za mbao. Ilinunuliwa kwenye duka la vyakula na kurudi nyumbani katika kikapu kimoja na unga na sukari, na kopo lake halikuwa na neno lolote la tahadhari. Punje zake ni nyeupe. Mtoto wa miaka miwili aliyezikuta kwenye kikombe mezani alizionja kama ambavyo angeonja sukari.

Kilichofuata kinahitaji kuelezwa polepole, kwa sababu tiba yote tutakayoisimulia imejengwa juu yake. Asidi ikigusa nyama ya mwili huigandisha, na gamba linalotokea mara nyingi huizuia isizame zaidi. Kostiki haina kizuizi cha namna hiyo. Huyageuza mafuta ya mwili kuwa sabuni, huyeyusha protini, na huendelea kushuka tabaka kwa tabaka mpaka iishe nguvu. Ndani ya umio, ile njia ya chakula itokayo kooni hadi tumboni, inafanya kazi ileile iliyokuwa ikiifanya kwenye sufuria. Mtoto hulia, midomo huvimba, mate humchuruzika. Kisha hupata nafuu, na hapo ndipo wazazi wengi walipodanganyika. Katika wiki ya pili anakunywa uji, anacheza, na nyumba inamshukuru Mungu. Lakini kidonda kinapopona huacha kovu, na kovu lililozunguka umio mzima hujikunja kuelekea ndani. Kuanzia wiki ya tatu hivi mkate na viazi vinaanza kukwama. Baadaye ni uji, baadaye maziwa, na mwishowe hata mate yake mwenyewe hayapiti. Wengi wa watoto hawa hawakufa kwa sumu. Walikufa kwa njaa na kiu miezi kadhaa baadaye, katika nyumba zenye chakula.

Madaktari walikuwa na vitanuzi mikononi, yaani vijiti laini vyenye ncha ya mviringo ambavyo vilisukumwa kooni ili kulegeza kovu. Walivisukuma bila kuona. Ubaya wa kovu la kostiki ni kwamba halinyooki: tundu lililobaki huwa pembeni, na juu yake umio hutanuka ukafanya mfuko ambamo ncha hunasa. Ukiongeza nguvu kidogo, ncha hutoboa ukuta, mate na chakula huvujia kifuani, na katika zama zile kabla ya antibiotiki mtoto alikuwa hapati siku nyingi. Kwa hiyo kila jaribio la kumsaidia lilikuwa kamari, na daktari mwenye huruma zaidi ndiye aliyekuwa na sababu zaidi ya kuogopa.

Hamu ya kuona kilichomo ndani ilikuwa imeanza zamani. Mwaka 1868, mjini Freiburg, Ujerumani, Adolf Kussmaul alimtumia mcheza maonyesho aliyezoea kumeza panga ili kuthibitisha kwamba bomba gumu lililonyooka linaweza kupita kutoka mdomoni hadi tumboni. Bomba lilipita, ila mwanga ulikuwa hafifu mno. Mwaka 1881 Johann von Mikulicz, akishirikiana na fundi vyombo Josef Leiter huko Vienna, alitengeneza bomba lenye waya wa platini uliowaka kwa umeme, likipozwa kwa maji ili lisimuunguze mgonjwa. Haya yalikuwa mafanikio makubwa kwa watu wazima. Koo la mtoto wa miaka mitatu lilikuwa bado halijafikiwa.

Aliyelifikia ni Chevalier Jackson, na ni vigumu kuandika historia hii bila kukaa naye kwa muda. Alizaliwa Pittsburgh mwaka 1865, mtoto mwenye mwili mdogo aliyeonewa sana na wenzake shuleni, na ambaye alijifunza useremala na ufuaji wa vyuma kabla ya kujifunza udaktari. Alihitimu Jefferson Medical College ya Philadelphia mwaka 1886, akaenda London kujifunza kwa Morell Mackenzie, bingwa wa magonjwa ya koo, kisha akarudi kufanya kazi Pittsburgh, mji wa makaa ya mawe na chuma, kati ya wagonjwa ambao wengi hawakuwa na cha kulipa. Mwaka 1890 alitengeneza bomba lake la kuonea umio. Alilitumia kutoa meno ya bandia yaliyomkwama mtu mzima, na sarafu iliyomkwama mtoto.

Habari zilienea, madaktari wengine wakataka chombo hicho, wakakipata. Wagonjwa wakaanza kufa. Chombo hakikuwa na kasoro kubwa. Mikono ndiyo ilikuwa migeni, na mkono mgeni ukikutana na kizuizi husukuma. Jackson aliacha kukitangaza. Alirudi kwenye karakana yake na kwenye mazoezi, na kwa miaka mingi akawa anaboresha bomba na kutafuta njia ya kufundisha kabla ya kulirudisha mbele ya wenzake. Kwangu mimi huu ndio uamuzi mkubwa kuliko yote katika maisha yake ya kazi. Kijana ambaye jina lake ndiyo kwanza linaanza kuvuma anajitoa kwa hiari kwenye sifa, kwa kuwa kifaa alichokibuni kinaua katika mikono ya watu asioweza kuwasimamia.

Aliporejea alikuwa na bomba jembamba lenye taa ndogo ya umeme kwenye ncha, kule ndani kabisa, badala ya mwanga unaomulika kutoka nje. Kitabu chake cha mwaka 1907 kiliweka kanuni za kazi hiyo. Jicho moja mdomoni mwa bomba, mkono mmoja ukishika bomba, mwingine ukiingiza koleo ndefu. Msaidizi akishika kichwa cha mtoto na kukielekeza, kwa sababu umio wa binadamu haunyooki mpaka kichwa kiwekwe inavyopaswa. Jackson aliweza kufanya kazi kwa mikono yote miwili sawasawa, na wanafunzi wake walimkumbuka akichora ubaoni kwa chaki za rangi huku akisomesha. Kanuni aliyoisisitiza kuliko zote ni kutotumia nguvu: bomba lipite pale tu ambapo jicho limeiona njia mbele yake.

Watoto aliwafanyia kazi hii bila kuwalaza kwa dawa ya usingizi. Kwa msomaji wa leo jambo hili linaumiza kulisoma. Dawa za usingizi za wakati ule zilikuwa hatari kwa mtoto mwenye koo lililobanwa, na Jackson aliamini kwamba mikono iliyofanyiwa mazoezi na timu iliyozoeana vingemaliza kazi haraka kabla mtoto hajachoka. Hakika watoto waliogopa. Lakini wengi wao waliinuka kutoka kwenye meza ile wakiwa hai, jambo ambalo kabla yake halikuwa la kutarajiwa.

Katika kumbukumbu za maisha yake, zilizochapishwa 1938, Jackson anamsimulia msichana wa miaka saba, mtoto wa mchimba makaa, aliyekuwa amemeza kostiki na ambaye kwa wiki nzima hakuwa ameweza kumeza hata maji. Kwa bomba lake aliona donge la kijivu limeziba tundu dogo lililobaki kwenye kovu, akalitoa kwa koleo. Muuguzi akampa mtoto bilauri ya maji. Akanywa funda dogo, akasubiri lirudi kama yalivyorudi mengine yote. Halikurudi. Akanywa la pili. Kisha akaisogeza bilauri pembeni, akaushika mkono wa daktari, akaubusu. Jackson alipokea heshima nyingi maishani, na alifundisha katika vyuo vitano vya udaktari vya Philadelphia, alikohamia mwaka 1916. Tukio hili la Pittsburgh hakulisahau.

Kuzibua donge ni kazi ya dakika chache. Kulitanua kovu lenyewe ni kazi ya miezi, na hapo historia inahamia kwa watu wengine wawili. Hans Salzer wa Vienna, mwaka 1920, alipendekeza kuanza kupitisha vitanuzi mapema, siku chache tu baada ya ajali, kabla kovu halijakaza. Wenzake wengi waliogopa kugusa umio ulio mbichi, na mabishano hayo yaliendelea kwa miongo. Miaka minne baadaye Gabriel Tucker, aliyefanya kazi Philadelphia karibu na Jackson, alikuja na njia ambayo mpaka leo inanishangaza kwa werevu wake. Mtoto anamezeshwa uzi. Tundu linatobolewa tumboni, ambalo pia linatumika kumlisha, na uzi unavuliwa kupitia hapo. Ncha moja inatokea puani, nyingine tumboni, na zinafungwa pamoja zikae hivyo kwa wiki na miezi. Siku ya kliniki ikifika, kitanuzi laini kinafungwa kwenye uzi na kuvutwa kutoka chini kwenda juu. Kwa kuwa kovu likitazamwa kutoka tumboni lina umbo la faneli na halina mfuko wa kunasia ncha, na kwa kuwa uzi unaijua njia tayari, hatari ya kutoboa ilishuka sana. Mtoto aliishi na uzi ule kama sehemu ya mwili wake. Alikwenda nao shuleni.

Kila wiki watoto wapya walikuwa wakiletwa, na Jackson alichoka kuokoa mmoja huku makopo maelfu yakiuzwa. Akaanza kuandika barua, kuzungumza na vyama vya madaktari, kwenda mbele ya wabunge akiwa na picha za watoto waliobaki mifupa mitupu. Viwanda vilikuwa na wanasheria, naye alikuwa na mapafu yaliyowahi kushambuliwa na kifua kikuu na sauti isiyokuwa kubwa. Ilichukua miaka mingi. Tarehe 4 Machi 1927, Rais Calvin Coolidge alitia saini sheria ya shirikisho ya sumu za kuunguza. Kuanzia hapo kopo la kostiki na la kemikali nyingine zinazofanana nayo, likisafirishwa kutoka jimbo moja hadi jingine kwa matumizi ya nyumbani, lilipaswa kuandikwa neno la sumu kwa herufi zinazoonekana pamoja na maelekezo ya huduma ya kwanza. Vifuniko vinavyomshinda mtoto kufungua vilikuja kwa sheria nyingine mwaka 1970, baada ya dawa za majimaji za kuzibulia mabomba kuingia sokoni. Majimaji ni mabaya kuliko punje: punje humwasha mtoto mdomoni akazitema, majimaji hushuka yote kwa funda moja.

Jackson alifariki mwaka 1958. Vitu alivyovitoa kwenye makoo na mapafu ya watu, 2,374 kwa hesabu, vimehifadhiwa kwenye droo za Mütter Museum huko Philadelphia: pini, vifungo, sarafu, mifupa, vipande vya vitu vya kuchezea. Kila kimoja alikiandikia maelezo.

Bomba gumu lilitawala mpaka mwanafunzi wa fizikia na daktari mmoja wakakutana Michigan. Basil Hirschowitz, mzaliwa wa Bethal, Afrika Kusini, aliyesomea udaktari Witwatersrand, alikuwa amesoma kuhusu nyuzi za kioo zinazopitisha mwanga hata zikipindwa. Tatizo lilikuwa mwanga kuvuja kutoka uzi mmoja kwenda mwingine. Mwanafunzi huyo, Lawrence Curtiss, alilitatua mwaka 1956 kwa kuuvika kila uzi gamba la kioo cha aina nyingine. Mapema mwaka 1957 Hirschowitz alijipitishia mwenyewe kifaa kile kooni, na siku chache baadaye akampitishia mgonjwa. Endoskopu ya kupindika ikazaliwa. Ilichukua miaka zaidi kupata zilizo nyembamba za kutosha kwa watoto, na katika miaka ya 1980 jicho la daktari likahama kutoka kwenye tundu la chombo hadi kwenye skrini, ambayo muuguzi na mwanafunzi pia wanaitazama. Wagonjwa wetu leo wanaiita tu kipimo cha kamera.

Kamera ilibadilisha swali. Zamani daktari alisubiri kovu lijitokeze. Sasa angeweza kutazama kidonda chenyewe siku ya kwanza au ya pili. Mwaka 1991 madaktari wa Chandigarh, India, wakiongozwa na Showkat Ali Zargar, walitoa madaraja ya majeraha ambayo bado yanatumika duniani kote. Wekundu na uvimbe tu ni daraja la kwanza, na mtoto huyo ataenda nyumbani. Vidonda vya juujuu vilivyo hapa na pale, vilevile hupona. Vidonda vyenye kina au vilivyozunguka umio mzima mara nyingi huzaa kovu. Nyama iliyokufa, nyeusi au ya kijivu, ndiyo ya kuogopwa kuliko zote. Kwa kuangalia mara moja daktari anajua nani wa kumfuatilia kwa karibu, na nani hahitaji kuteswa na matibabu asiyoyahitaji.

Mwaka mmoja kabla, hospitali ya watoto ya Washington ilikuwa imetoa jibu katika mjadala mwingine. Tangu miaka ya 1950 watoto walioungua umio walipewa steroidi kwa imani kwamba zingezuia kovu. Madaktari wale walifuatilia watoto 60 kwa miaka 18, wakiwagawa kwa bahati nasibu. Kati ya 31 waliopewa steroidi, 10 walipata kovu la kubana. Kati ya 29 ambao hawakupewa, 11. Tofauti haikuwapo. Kilichoamua hatima ya mtoto ni ukali wa jeraha lenyewe. Miaka 18 ya uvumilivu ili kujua kwamba dawa fulani haisaidii inaweza kuonekana kazi isiyo na zawadi, lakini ni watoto wangapi wameepushwa na dawa zenye madhara kwa sababu yake!

Kutanua nako kulibadilika. Andreas Grüntzig, daktari Mjerumani aliyefanya kazi Zürich, alitengeneza mezani jikoni kwake puto jembamba la kupanulia mishipa ya damu, na mwaka 1977 akalitumia kwenye mshipa wa moyo wa binadamu. Haikuchukua muda wazo hilo kuhamia kwenye umio. Puto hupitishwa likiwa limenywea, hukaa katikati ya kovu, hujazwa maji taratibu na kusukuma pande zote kwa usawa. Vitanuzi vipya vya plastiki navyo hupita juu ya waya mwembamba uliotangulizwa, ambao kimsingi ni mjukuu wa uzi wa Tucker. Mtoto amelala kwa dawa ya usingizi salama, na kanuni ya Jackson inasimama palepale: wengi hawaongezi zaidi ya milimita 3 kwa siku moja, hata kama kovu linaonekana liko tayari. Akirudi wodini anaangaliwa kama ana homa, maumivu ya kifua, au hewa inayochezacheza chini ya ngozi ya shingo, dalili za umio kutoboka. Baada ya wiki mbili au tatu anarudi tena. Wengine hupona kwa mara tano, wengine huhitaji zaidi ya ishirini. Kwa makovu sugu, madaktari wa London mwaka 2002 walieleza mtoto waliyempaka mitomisini, dawa ya saratani inayozuia kovu kujijenga upya, na mwaka 2013 madaktari wa Chuo Kikuu cha Ain Shams, Kairo, walichapisha jaribio la watoto 40 lililoonyesha kwamba inasaidia pale kovu linapokuwa fupi. Kovu refu lisilokubali chochote humaliza safari kwenye upasuaji, ambapo kipande cha utumbo mpana au tumbo lenyewe huvutwa juu kuchukua nafasi ya umio.

Yaliyotokea Pittsburgh miaka 130 iliyopita hayajaisha. Huko Goderich, nje kidogo ya Freetown, Sierra Leone, hospitali ya shirika la Emergency la Italia ilijikuta ikipokea watoto wengi walioungua kwa kostiki kutoka nyumba zinazotengeneza sabuni, na ikalazimika kuanzisha huduma ya kutanua umio. Wengi waliletwa wakiwa wamechelewa, wamekonda, wakihitaji kwanza kulishwa kupitia tundu la tumboni kabla ya kuguswa koo. Afrika Mashariki nayo ina mafundi sabuni wa majumbani, na kostiki iliyoyeyushwa hukaa kwenye chupa za soda na za maji ya kunywa kwa sababu ndizo zilizopo. Mtoto mwenye kiu haulizi. Ajali ikitokea, asitapishwe, maana kitakachorudi kitaunguza mara ya pili. Asipewe ndimu wala siki. Asukutuliwe mdomo na akimbizwe hospitali pamoja na ile chupa.

Tangu katikati ya miaka ya 2000 kostiki imeingia nyumbani kwa mlango mwingine, na safari hii hata fundi sabuni hahusiki. Rimoti, saa, mizani, vitu vya kuchezea na kadi zinazoimba hutumia betri bapa za duara za lithiamu, zenye kipenyo cha milimita 20 na volti 3. Mtoto akiimeza na ikakwama kwenye umio, unyevu wa mwili unakamilisha sakiti, na upande hasi wa betri unazalisha hidroksidi pale pale ilipogusa nyama. Betri haihitaji kuvuja. Inatengeneza kostiki yake yenyewe, na saa mbili zinatosha kuunguza vibaya. Kwenye eksirei inafanana na sarafu, isipokuwa kwa duara la pili linaloonekana ndani ya ukingo wake, na fundi eksirei anayeijua alama hiyo anaokoa maisha. Mwaka 2018 watafiti wa Marekani waliofanya majaribio kwa nguruwe wadogo walionyesha kwamba asali hupunguza ukali wa uunguzaji. Ndiyo maana sasa mzazi anashauriwa, ikiwa mtoto amezidi mwaka mmoja na bado anaweza kumeza, ampe vijiko viwili vidogo vya asali kila baada ya dakika 10 akiwa njiani kuelekea hospitali, bila kuchelewesha safari kwa ajili hiyo. Daktari huitoa betri kwa endoskopu, husafisha jeraha kwa asidi hafifu ya asetiki, na hamruhusu mtoto haraka, kwa kuwa jeraha linaweza kuendelea kuchimba hata baada ya betri kutoka, na nyuma ya umio na pembeni yake kuna mshipa mkuu wa damu. Mwaka 2022 Marekani ilipitisha sheria inayotaka vyumba vya betri hizi visifunguke kwa urahisi na pakiti zake ziwe na onyo, miaka 95 baada ya ile ya kostiki.

Kliniki ya mtoto aliyeungua umio haifungwi siku anapoanza kula ugali. Kovu la kostiki huongeza hatari ya saratani ya umio, na saratani hiyo huweza kujitokeza miongo mitatu au minne baadaye, mgonjwa akiwa mtu mzima mwenye watoto wake. Kwa hiyo faili lake hukabidhiwa kwa madaktari wa watu wazima likiwa na michoro ya kovu, tarehe za kila kutanuliwa na ukubwa wa puto lililotumika, na maelekezo kwamba aendelee kupigwa kamera kila baada ya muda hata kama halalamiki lolote.